Dume la Ukutani na Nundu Niliyolibandikia

Sikuliona lile dume.

Naandika sentensi hiyo nikiwa na miaka hamsini na moja, baada ya kuikwepa kwa miaka ishirini na saba, na hata sasa mkono unatafuta maneno ya kuilainisha: sikuliona vizuri, sikuliona lote, sikupata muda wa kutosha. Sikuliona kabisa. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mimi na wenzangu tisa tulipelekwa Ulaya kwa wiki tatu, na siku moja tukapelekwa kwenye jumba la makumbusho lenye picha mashuhuri, zile za rangi ya mafuta ambazo sisi tulizijua kutoka kwenye vitabu vilivyopigwa chapa kwa wino mweusi. Niliporudi nyumbani Kemambo nilimweleza baba yangu kwamba nilisimama mbele ya picha ya dume la ng'ombe lenye ukubwa wa dume halisi. Nilimweleza zizini. Nikaeleza tena kanisani nilipoombwa kutoa salamu. Baadaye, nilipoanza kujiita mwandishi, nikaandika makala nzima gazetini kuhusu jicho la dume lile na namna lilivyonitazama. Mwalimu mmoja wa sekondari aliwahi kuniambia kwamba anaitumia makala hiyo kuwafundisha wanafunzi wake namna ya kueleza jambo walilolishuhudia.

Kilichotokea ni kwamba nililala.

Ilikuwa Februari. Nilikuwa nimevaa viatu vya wazi nilivyovichagua kwa sababu vilikuwa na vifungo vya kung'aa, na tulipofika mlangoni sikuwa na uhakika kama vidole vyangu vya miguu bado ni vyangu. Nikamwambia kiongozi wetu kwamba nitashuka mgahawani, ghorofa ya chini, nipate joto dakika tano. Kule chini kulikuwa na chuma cha kupashia joto kilichofungwa ukutani. Nikavua viatu, nikaegemeza nyayo kwenye kile chuma, na kitu kinachofuata katika kumbukumbu yangu ni mkono wa mlinzi begani, akinieleza kwa upole kwamba wanafunga. Wenzangu walikuwa wanashuka ngazi wakiongea kwa sauti ya chini, kama waumini wanaorudi kutoka meza ya Bwana. Msichana mmoja kati yao alinionea huruma akanipa kadi ya posta aliyoinunua mle ndani. Ilikuwa na kichwa cha dume: pembe, paji lenye nywele zilizojisokota, jicho, pua yenye unyevu. Mwili haukuwemo. Kadi iliishia shingoni.

Kwa hiyo jengoni nilikuwemo. Kwa miaka mingi nilijitetea hivyo moyoni, kwamba kati yangu na lile dume zilikuwepo sakafu mbili tu.

Ili mtu aelewe kwa nini sikumwambia baba tu, "Tata, nililala," itabidi nimweleze habari za zizi letu. Kwetu sisi Wakurya, binti anapoolewa, ng'ombe huingia kwa baba yake, na ng'ombe hao ndio huwaoza kaka zake na kumpa mzee sauti anapokaa na wenzake. Mimi ni mtoto wa kwanza. Nilipomaliza kidato cha sita, watu wa nyumba tatu walikuja kuulizia, na baba akawarudisha wote kwa heshima. Alisema nisome kwanza. Hiyo "kwanza" ilichukua miaka mingi kuliko alivyotarajia, na zizi likabaki na ng'ombe sita, tukiwahesabu na wagonjwa. Jirani yetu, mzee wa rika lake aliyeozesha mabinti watatu mfululizo, alikuwa na kawaida ya kuja kusimama kwenye uzio wetu asubuhi.

"Nimesikia binti yako amepata cheti kingine," angesema. "Hicho kinakamuliwa asubuhi au jioni?"

"Kinakamuliwa Jumapili," baba angemjibu. "Njoo na kikombe."

Halafu angeingia ndani na kunyamaza mpaka chakula cha mchana.

Ndiyo maana niliporudi kutoka Ulaya nikiwa na koti zito, bila ng'ombe wala mchumba, baba hakuniuliza habari za chuo. Aliniwekea kigoda mlangoni mwa zizi, akaketi kwenye chake, akauliza, "Ng'ombe wao wakoje?"

Nilikuwa nimewaona ng'ombe wa Ulaya kupitia dirisha la treni, mvua ikinyesha, vitu vyeusi na vyeupe kwa mbali. Nikatoa ile kadi. Nikamwambia kwamba huko kuna jumba ambalo watu hulipa kiingilio ili wakasimame kimya mbele ya ng'ombe aliyechorwa karne nyingi zilizopita, na kwamba mimi nilikuwa mmoja wao. Baba aliishika kadi kwa mikono miwili. Aliitazama kwa muda ambao ng'ombe wawili waliutumia kutoka nje bila yeye kuwaona, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla ya siku ile.

"Huyu mchoraji," akasema, "amelala zizini." Kisha akauliza, "Nundu yake imekaaje?"

Hapa ndipo nilipokosea kosa ambalo, nadhani, linaweza kufanywa na mtu wa kwetu peke yake. Nilikuwa na shahada iliyobakiza mwaka mmoja. Nilikuwa nimesoma vitabu. Lakini sikujiuliza kama dume lile lina nundu, kwa sababu tangu nizaliwe nundu ndiyo ilikuwa dume lenyewe, na mengine yote yaliyobaki yalikuwa ya kuibeba. Nikajiuliza tu ingekuwa imekaaje.

"Imesimama, Tata," nikasema. "Inalala kidogo upande wa kushoto."

Baba akashusha pumzi. "Upande wa kushoto," akasema. "Huyo amelishwa vizuri."

Kabla jua halijazama jirani alikuwa amekwisha kuipata habari, pamoja na kushoto kwake. Nilimsikia baba akimwambia kwenye uzio kwamba kuna vitu binti yake ameviona ambavyo huwezi kuvifungia kamba na kuvileta kwa mguu.

Uongo ule ungebaki wa kifamilia, wa kuchekesha, kama baba angekuwa mtu wa maneno mengi. Lakini baba huitwa kwenye vikao vya wazee kusikiliza kesi za mipaka na za mifugo kwa sababu moja: hasemi jambo ambalo hajalithibitisha. Watu huja kutoka mpaka Kewanja kumtafuta. Akisema ameona kwato zimepita hapa, basi zimepita. Na mtu huyo alikuwa amesema, mbele ya kikao zaidi ya kimoja, kwamba madume ya Wazungu wa zamani yalikuwa na nundu, ushahidi upo, binti yake ameuona kwa macho.

Miaka michache baadaye bwana mifugo wa kata alikuja kuwaeleza wafugaji habari za kupandisha ng'ombe wetu kwa dume la maziwa. Alikuwa na bango lenye picha ya dume jeusi na jeupe. Nilikuwepo, nimekuja likizo.

"Hili limekatwa wapi?" baba akauliza, akionyesha mgongo.

"Halijakatwa, mzee. Ndivyo linavyozaliwa."

"Basi limezaliwa kabla halijaisha." Wazee wakacheka. "Hawa Wazungu walikuwa na madume kamili kama haya yetu. Wakaanza kuyalisha ndani kwa magunia, nundu ikapotea. Binti yangu huyu hapa ameona la zamani. Mwulize."

Bwana mifugo akanigeukia. Alikuwa kijana mwenye adabu, na nadhani aliniona kama msomi mwenzake. "Dada, ni kweli?"

"Ni picha ya zamani sana," nikasema.

Nimeandika insha nyingi maishani mwangu na sijawahi kuandika sentensi nyingine iliyo ya kweli na ya hovyo kwa wakati mmoja kiasi hicho.

Aliyeumia ni mdogo wangu wa kiume. Alifanya kazi miaka mingi kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo Nyamongo, akarudi nyumbani na kikohozi na pikipiki. Mpango wake ulikuwa rahisi: Nyamongo imejaa watu wenye kiu ya chai ya maziwa na hakuna anayefuga, basi yeye afuge Kemambo na kupeleka maziwa kule kila asubuhi kwa pikipiki. Lakini ng'ombe wetu wa kienyeji walitoa, kama alivyopenda kusema, vikombe viwili na lawama. Alihitaji ndama wa damu ya maziwa, na ng'ombe ni wa baba. Alijaribu kumwonyesha picha kwenye simu: madume ya Ulaya, ya sasa na ya zamani, hata lile lenyewe la makumbusho, lote, kuanzia pua hadi mkia.

Baba alitazama kidogo, akarudisha simu. "Juzi kwenye kioo hicho ulinionyesha mchungaji wetu akicheza disko. Ukasema vijana wamemtengeneza. Leo niamini ng'ombe?"

"Tata, hii ndiyo ile picha ya dada."

"Dada yako alikuwepo. Wewe ulikuwepo?"

Mdogo wangu alinipigia simu jioni hiyo. Mimi ninaishi Mugumu, nafundisha, na nina tabia ya kupokea simu za nyumbani nikiwa nimesimama.

"Dada, ile picha uliiona au hukuiona?"

"Niliiona."

"Ina nundu?"

"Mambo ya sanaa si rahisi hivyo."

"Nundu unayo wewe," akasema, akakata.

Tuliishi hivyo miaka kadhaa. Kisha mwaka huu mambo mawili yakaangukia wiki moja. Kwanza nikaalikwa kwenye semina ya wafasiri katika nchi ile ile, siku sita, moja ikiwa ya mapumziko. Pili, mjomba wetu, ndugu wa marehemu mama, anayeishi ng'ambo ya mpaka karibu na Isibania, akapata dume zuri la maziwa na kusema yuko tayari kutuazima kwa msimu mmoja. Mdogo wangu alinitumia sauti ya mjomba niisikilize mwenyewe: "Mimi sitaki makelele. Kama mzee hataki, wacha nipeleke kwa wakwe zangu Migori. Jumamosi ng'ombe anatoka hapa."

Chini yake mdogo wangu aliandika maneno matano. Sema naye kabla ya Jumamosi.

Siku yangu ya mapumziko ilikuwa Alhamisi. Nilivaa soksi mbili na viatu vya kufunga kwa kamba, nikafika kwenye jumba lile kabla halijafunguliwa. Nilipopita ngazi ya kushukia mgahawani sikugeuka kuitazama.

Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo moja tu, yaani mgongo. Nilidhani nitapanda, nitauona mgongo, nitajisikia vibaya, nitashuka. Lakini kabla ya kulifikia dume kuna vyumba vingine, vidogo kuliko nilivyotarajia, kuta zimevalishwa kitambaa kama sebule ya mtu tajiri mwenye haya, na katika kimoja cha vyumba hivyo nilikuta watu wamejazana wakiinua simu. Nikasubiri zamu yangu. Ilikuwa picha ya msichana aliyefunga kitambaa kichwani na kuvaa hereni moja, ambaye sura yake nimekwisha kuiona kwenye vikombe, mifuko, hata kwenye mwavuli wa mtu sokoni Mugumu. Nilidhani ni picha kubwa. Ni ndogo kuliko sinia la chai. Msichana amegeuka kana kwamba umemwita sasa hivi na yeye hajui wewe ni nani. Midomo imelowa. Nilisogea mpaka mlinzi akanyoosha kidole kidogo tu, nikatafuta hereni, na hereni haikuwepo. Kuna tone la rangi nyeupe, na chini yake mpako mwembamba wa kijivu, basi, na giza. Nikarudi nyuma hatua moja na hereni ikarudi, nzito, ikining'inia. Nikasogea tena, ikaondoka. Nilifanya hivyo mara tano au sita, mwanamke mzima mwenye miwani, nikienda mbele na nyuma kama mtu anayejifunza kuendesha gari.

Katika chumba kingine kulikuwa na ndege mdogo aliyefungwa mnyororo kwenye kisanduku chake cha chakula, picha isiyozidi ukurasa wa daftari. Bawa lake lina mstari mmoja wa manjano uliopigwa mara moja, bila kurudiwa. Mtu aliyeuchora ule mstari amekufa zamani, na mstari bado una haraka.

Mbele ya nyumba yangu Mugumu magari ya watalii hupita kwenda kuangalia nyumbu, na nimewahi kuwacheka waziwazi, watu wazima wanaotokwa machozi kwa sababu twiga amekula majani. Nawaomba radhi.

Kisha nikaingia kwenye chumba cha dume.

Lilichukua ukuta. Sijui namna nyingine ya kusema. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekwisha kuingia ndani, na mwili, bila kuniuliza, ukajivuta kando, karibu na mlango, kwa sababu nimelelewa kwamba hakuna mtu anayesimama uso kwa uso na dume wakati mwenyewe hayupo. Watalii wengine waliingia moja kwa moja wakajipanga mbele yake, na nilihisi wasiwasi kweli kweli kwa ajili yao. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba ni kitambaa na rangi.

Hata baada ya kukumbuka, haikusaidia. Lilikuwa na nzi mgongoni. Nilikuwa nimeliandikia makala ya maneno elfu moja na sikujua kwamba lina nzi. Nywele za paji zilikuwa zimechorwa unywele mmoja mmoja, zikizunguka kwenye kile kisokoto ambacho baba hukitumia kutofautisha ndama wa mama mmoja. Pua ilikuwa imelowa kiasi kwamba ningeweza kusema limetoka kunywa maji muda gani. Chini kulikuwa na kinyesi, kibichi, pembeni kikianza kukauka, na chura. Ng'ombe jike alikuwa amelala kando, taya limeinama upande, anacheua. Nyuma ya mti, mzee mfugaji ameegemea, kofia kichwani, akitutazama sisi na si ng'ombe wake, kwa namna ambayo wazee wa kwetu humtazama mnunuzi asiyejua kitu.

Na mgongo ulikuwa tambarare. Jicho langu lilipanda shingoni, likafika pale ambapo nundu huanza, likateleza. Nikalirudisha, likateleza tena. Hakukuwa na kitu pale zaidi ya mbingu.

Nilikaa kwenye benchi. Sikujisikia vibaya kama nilivyopanga. Nilichohisi kilikuwa kikubwa kuliko aibu, na kiliifunika aibu kwa muda, kama mvua inavyonyamazisha redio. Mtu alikuwa amekaa na mnyama huyu siku nyingi, labda miezi, akiangalia manyoya yanavyobadilika mwelekeo penye bega, nzi wanatua wapi, na akaona kwamba hayo yanatosha kujaza ukuta. Nilikuwa nikimjua mtu mmoja tu anayeangalia ng'ombe namna hiyo. Nilikuwa nimesoma miaka yote ile ili niwe mtu tofauti naye, nikaja kulipa kiingilio ili nione kile alichokuwa anakifanya kila asubuhi bila mtu kumlipa. Na mtu huyo ndiye niliyempa dume la uongo.

Nikatoka nikasimama mlangoni, simu mkononi. Mlinzi wa chumba kile, mama wa umri wangu mwenye ufunguo shingoni, akatikisa kichwa.

"Ni baba yangu," nikamwambia. "Anataka kujua habari za hili dume."

Akafikiri. "Basi simama hapa kwenye korido. Sauti ya chini."

Mdogo wangu alipokea mara moja. Nilisikia ng'ombe nyuma yake.

"Mjomba amepiga tena," akasema. "Umeamua?"

"Tata yupo?"

"Anafunga ndama. Dada, ukimwambia vibaya ataniua mimi. Wewe uko mbali."

"Mpe simu."

Baba huongea na simu kana kwamba umbali ni kazi yake kuumaliza kwa sauti. Nikaisogeza mbali kidogo na sikio. "Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Huko baridi?"

"Baridi. Tata, niko kwenye lile jumba lenye dume."

"Umerudi kuliona."

"Nimekuja kuliona. Ile mara ya kwanza sikuliona. Nililala mgahawani chini, nikapewa kadi, na mengine nikakutungia. Halina nundu."

Ng'ombe mmoja akalia kule Kemambo. Nikasikia mdogo wangu akikohoa, kisha akijizuia kukohoa.

"Hata kidogo?" baba akauliza.

"Hata kidogo."

"Na kule kushoto?"

"Nilitunga, Tata."

"Nimeisema kwenye vikao," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Nimeisema mbele ya watu wanaoniletea kesi."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekaa nayo miaka yote hii."

Nilifikiri atamrudishia mdogo wangu simu.

"Na leo nitajuaje kwamba uko mbele yake?" akasema. "Labda umelala tena."

"Nikutumie picha?"

"Sitaki kioo. Pembe zake zikoje?"

Nikageuka nikatazama kupitia mlango. "Fupi. Zimetoka pembeni, zikainama mbele."

"Pete ngapi kwenye shina?"

"Hakuna pete. Ni laini."

"Huyo ni mtoto. Miaka miwili. Kifua?"

"Kifua ni kipana, Tata. Ngozi ya shingo imening'inia chini sana, inakaribia magoti."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Inakaribia magoti."

"Haiwezekani. Bega?"

"Nene. La dume zima."

"Na nyuma—" akaanza, kisha akakatisha, na nikasikia simu ikibadilisha mikono. Kuna sehemu za mnyama ambazo baba wa kwetu hamwulizi binti yake, hata kama binti ana miaka hamsini na yuko bara jingine.

"Amekwenda kusimama kwenye uzio," mdogo wangu akasema. "Anataka kujua huko nyuma. Nyuma kwenyewe."

"Mwambie mapaja ni membamba, kama ya mtamba ambaye hajazaa."

"Na vile vingine?"

"Vipo. Vidogo."

"Anasema vidogo," mdogo wangu akapaza sauti, na korido nzima ya makumbusho ikasikia Kiswahili. Mlinzi akanitazama. Baba akarudi kwenye simu kwa hatua ambazo nilizisikia.

"Hilo si dume moja," akasema. "Pembe za mtoto, kifua cha babu, nyuma ya kijana. Mchoraji wako alikwenda kwenye mazizi matatu akawaunganisha."

Mlinzi alikuwa amesogea. "Mzee anasemaje?" akauliza, nami nikamfasiria. Alicheka bila sauti, kwa mabega, kama wanavyocheka watu wanaofanya kazi mahali pa kimya.

"Wataalamu wetu wanasema hivyo hivyo," akaniambia. "Alichukua wanyama wa umri tofauti. Baba yako ni mtaalamu wa picha?"

"Anafuga ng'ombe."

Nikamwambia baba alivyosema mlinzi. Hakushangaa. Alitoa ule mguno anaoutoa kesi inapofika mahali ambapo yeye alishafika mapema.

"Ile mara ya kwanza," akasema, "ulinipa dume zuri. Halikuwa na kasoro hata moja. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka." Akapumua. "Mtu anayetunga hawezi kutunga baya kama hili. Umeliona."

"Nimeliona, Tata. Nisamehe."

"Linatisha?"

"Linatisha. Limenifanya nikae pembeni."

"Hata likiwa na makosa yote hayo."

"Hata hivyo."

Nilijua sasa analipitisha jambo akilini kutoka mkiani hadi puani. Nilimtazama yule mzee wa kofia nyuma ya mti ili nisitazame simu.

"Jirani nitamwambia mwenyewe," akasema hatimaye. "Nitamwambia nilidanganywa na msomi. Atakula raha mwaka mzima. Na wewe usikimbilie kuandika gazetini kabla sijamaliza kusema kikaoni."

"Sitaandika."

"Utaandika. Lakini ngoja nimalize."

Kisha akageuza mdomo kutoka kwenye simu, bila kuikata, na nikamsikia akimwita mdogo wangu kwa sauti ile ya kumaliza umbali. "Mura. Mpigie mjomba wako. Alilete Jumamosi. Na apite nalo barabara kubwa, mchana, watu wakiwa nje, ili wote waone mgongo wake."